Mzigo Mgongoni mwa Rahab Wangoi

Watu wa ploti yetu mpaka leo wanasema samaki wangu ndio waliomwangusha Rahab Wangoi. Niseme mapema ili tusisumbuane: daktari alisema ni presha. Mimi nilikuwa naparua magamba pale kwenye bomba, kama nilivyoparua siku zote, na yeye alikuwa ananikaripia, kama alivyonikaripia siku zote. Alipofika kwenye neno "magamba" akaanguka. Kama magamba yangekuwa yanaangusha watu, kwetu ziwani pasingebaki mtu amesimama.

Wangoi ndiye aliyekuwa mwenye ploti, pale Kawangware, nyuma ya steji ya basi la hamsini na sita. Alizaliwa hapo hapo kabla hapajawa na steji wala matope ya steji, wakati palikuwa shamba la viazi vitamu la baba mkwe wa mtu fulani. Mumewe alikufa kabla ya Uhuru. Vyumba tulivyopanga alivijenga mwenyewe: udongo aliubeba, maji akayabeba, fito akazibeba, vyote mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa Kikuyu huupitisha kwenye paji la uso ili mzigo ukae nyuma. Paji lake lilikuwa na mfereji. Hata bomba lilipoletwa ndani ya ploti, mama huyu hakuacha kubeba. Kuni, viazi, makaa, mawe ya kuzuia mabati yasipeperuke. Ukimkuta hana kitu mgongoni ujue ni Jumapili.

Sikumpenda. Sina haja ya kuficha. Alikuwa akiniita "wewe wa samaki" ingawa jina langu Filister Adero alilijua vizuri sana, maana siku ya kodi alilitaja lote. Lakini mgala muue na haki yake mpe. Mvua ilipobomoa ukuta wangu, alikuja kuukandika mwenyewe, usiku haujaingia, huku akinitukana kwa kuegemea ukuta.

Basi akaanguka, mwaka ule wa themanini na nne, mwaka wa ukame na ugali wa njano wa msaada. Alikaa hospitali, akarudi. Mkono wa kushoto ulining'inia, mguu wa kushoto ulikokota, mdomo ulipinda upande. Maneno yalitoka polepole. Matusi yalitoka kama kawaida.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Simeon, mwenye duka la mbolea Limuru na nyumba ya mawe yenye zulia. Siwezi kusema ni mtu mbaya. Hospitalini alilia mpaka nesi akamtoa nje. Ila Simeon alikuwa na mipango: mama aende Limuru akae kwenye zulia, vyumba vya udongo vibomolewe, vijengwe vya mawe. Sisi wapangaji tungekwenda wapi, hilo halikuwemo kwenye mipango.

"Mimi siendi kukaa kwa mtu nikiomba chumvi," Wangoi akasema.

"Mama, si kwa mtu. Ni kwangu."

"Mke wako ndiye mwenye chumvi."

Wakavutana hivyo wiki kadhaa, mpaka akaitwa Mzee Ephantus, mzee wa kanisa lao. Ephantus akasikiliza wote, akanywa chai ya wote, kisha akaamua. Kule Kibera kwenye kliniki ya kanisa kuna mtaalamu wa kupima watu waliopigwa na kiharusi, anapima jinsi wanavyosimama na kutembea. Apewe muda amfanyishe mama mazoezi, kisha ampime. Akisema mama anaweza kukaa peke yake, atakaa. Akisema hawezi, mama ataingia kwenye gari la Simeon bila kelele. Wote wawili wakakubali, wakaombewa. Wangoi hakuwahi kuvunja neno alilolisema mbele ya mzee wa kanisa, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana nilianza kuhesabu vitu vyangu nione vingeingia kwenye magunia mangapi.

Nikachaguliwa mimi kumpeleka, kwa sababu wengine walikuwa na kazi. Mimi eti sina kazi, samaki wanajikaanga. Muia, Mkamba aliyeuza maji ploti ya pili, akatoa mkokoteni wake. Tukamweka Wangoi katikati ya madebe matupu, juu ya gunia, tukavuka barabara ya Ngong tukaingia Kibera. Njia nzima alikuwa akimwelekeza Muia, ambaye alisukuma mkokoteni huo kwenye njia hiyo kila siku ya Mungu.

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Shivachi. Mrefu, mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi mpaka likawa na kona. Alikuja kliniki kila Alhamisi, na kitu chake cha thamani pale kilikuwa kiti. Kiti cha mbao, hakina mikono, alichokifunga ukutani kwa mnyororo na kufuli kwa sababu mwalimu wa Sunday school alikuwa na tabia ya kukiazima.

"Kila mgonjwa anakaa kiti hiki hiki," akatueleza. "Anaambiwa maneno haya haya, anatembea mpaka mstari ule ule. Nikibadilisha kitu, sitajua kama ni mgonjwa aliyebadilika au ni mimi."

Nikaona huyu ni mtu wa kujisikia. Nikanyamaza, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

"Shosho," akamwambia, kama Wakikuyu wanavyomwita bibi, "simama bila kujishika popote."

Wangoi akajisukuma, akayumba, akasimama. Shivachi akaandika alama.

"Sasa funga macho, usimame vile vile."

"Nifunge macho kwa nini?"

"Nione kama utayumba."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitakuwa nakutazama."

"Kwenye nyumba ya watu, mwanamume ambaye simjui ananitazama nimefumba macho," Wangoi akaniambia mimi, kana kwamba nimeyapanga. Hakufumba. Shivachi akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile, kisha akaandika sifuri.

Halafu akavua kiatu chake kimoja, akakiweka sakafuni mbele yake. "Shosho, okota kiatu hiki."

Wangoi akakitazama. "Ni cha nani?"

"Ni changu."

"Basi okota."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Shivachi kwamba huyu mama anaweza kuokota, nimemwona mwenyewe akiokota jiwe la kunirushia, ila hajawahi kuinamia kiatu cha mwanamume na hataanza leo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote. Akasema, "Mama, naandika ninachokiona. Sijaona akiokota." Sifuri nyingine. Nilimchukia mtu huyo kwa moyo wangu wote.

Ilipofika kutembea, alitakiwa kwenda mpaka mstari wa chaki na kurudi, mikono mitupu. Hapo hapakuwa na ubishi wala kiburi. Wangoi alipiga hatua chache, kichwa kikatangulia, kifua kikafuata, miguu ikabaki nyuma. Akaanguka mbele, kifudifudi. Shivachi alimdaka kabla hajafika chini, na nikaona kwamba alikuwa amejiweka tayari tangu mwanzo. Wangoi hakutukana. Alikaa kwenye kile kiti akatazama mstari wa chaki, na mara ya kwanza nikaona anaogopa.

Tukaendelea kwenda. Shivachi akampa mazoezi ya nyumbani, na mimi nikapewa kazi ya kumsimamia, bila mshahara. Kila mwezi akampima upya, kiti kile kile, maneno yale yale. Mguu ukapata nguvu. Macho akakubali kuyafumba, mradi mimi nimlinde. Kiatu nacho aliishia kukiokota, akakitupa nje kupitia dirisha. Shivachi akampa alama zote, akatoka na soksi kukifuata. Ila kutembea kukabaki pale pale. Kila Alhamisi ya kipimo alianguka mbele, na kila Jumapili Simeon akija kumwona, alianguka mbele. Simeon alikuwa amemnunulia mkoba mdogo mwekundu wa kushika mkononi, na kiondo chake, kile kikapu cha kubebea mgongoni, pamoja na mukwa, akavitundika juu ukutani. "Umebeba vya kutosha, mama," alimwambia. Maneno mazuri, mtoto yeyote mwema angeyasema.

Siku moja nilirudi mapema kutoka stejini ninakokaangia samaki, mafuta yameisha. Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Wangoi alikuwa amevuta kiondo kwa fimbo mpaka kikaanguka, amekijaza viazi, amepiga magoti, amepitisha mukwa kwenye paji lake. Akaegemea ukuta, akainuka. Nilifungua mdomo nipige kelele. Kisha akatembea. Si vizuri sana, mguu ulikokota, lakini alitembea wima, toka mlangoni mpaka bomba, akageuka, akarudi. Akaniona.

"Unashangaa nini, wewe wa samaki?"

Nikakaa chini kwenye ndoo. Nilielewa bila kufundishwa na mtu. Mama huyu maisha yake yote ameinama mbele kuuvuta mzigo. Kiharusi kilimsahaulisha mkono, kikamsahaulisha nusu ya uso, lakini mwili wake ulikuwa bado unaamini mzigo uko mgongoni. Ukimtoa bila mzigo, anainama kuvuta kitu ambacho hakipo, na anakwenda nacho mpaka chini.

Kuanzia siku hiyo, Jumatatu mpaka Jumamosi alibeba. Alichota maji, alipika, alifagia, alinitukana. Jumapili asubuhi alishika mkoba mwekundu mkononi ili Simeon asikasirike, akaanguka.

Kipimo cha mwisho kikafika. Simeon alisema angekuja na Mzee Ephantus kusikia jibu. Asubuhi hiyo Wangoi akanitokea amejifunika shuka kubwa mabegani, na mgongoni shuka limevimba.

"Ni nini hicho?"

"Baridi," akasema.

Nikajifanya sikuona. Hata Muia kwenye mkokoteni alijifanya hakuona, ingawa alilalamika kwamba leo Shosho amenenepa. Shivachi akamkalisha, akamsimamisha, akamfumbisha macho, yote yakaenda sawa. Alipomwambia atembee, Wangoi akainuka na shuka lake akaanza kutembea vizuri kabisa, na mimi nikaanza kumshukuru Mungu kwa Kijaluo. Shivachi akasema, "Shosho, simama kidogo. Mgongoni umebeba nini?"

"Mtoto," Wangoi akasema.

Shivachi akamtazama. Mama mwenye umri wa miaka sabini na kitu. "Mtoto wa nani?"

"Wa huyu," akasema, akanielekezea mimi.

Kiazi kimoja kikaanguka, kikabingirika mpaka kwenye mstari wa chaki.

Sikucheka, wala Shivachi hakucheka. Alikiokota kile kiazi. Nikamweleza yote: bomba, ukuta, Jumapili, mkoba mwekundu. Nilimweleza kwa hasira, kwa sababu nilijua atakavyojibu. Akaniuliza mzigo una uzito gani. Nikamwambia nusu debe la maji, si zaidi. Akamwomba Wangoi atembee nao mara ya pili. Akatembea, akageuka, akarudi, hakuyumba.

"Hii siiandiki," Shivachi akasema.

"Kwa nini usiandike? Umeona. Si ulisema unaandika unachokiona?"

"Mama Filister, nikimruhusu huyu na mzigo, kesho mwingine ataingia na fimbo, mwingine ameshikwa na mumewe. Wote watafaulu. Halafu wataenda nyumbani waanguke. Kipimo ni mikono mitupu, mgongo mtupu. Kama singempima hivyo hivyo miezi yote, nisingejua kwamba mguu umepona na kwamba tatizo si mguu."

"Kwa hiyo umejua. Sasa kujua kwako kunamsaidia nini?"

Nilimwona ameumia, na sikumhurumia, kwa sababu mwenye kuumia zaidi alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Wangoi akavua shuka, akavua kiondo, akakiweka chini mwenyewe. Akatembea bila mzigo. Akaanguka mikononi mwa Shivachi kabla ya nusu ya njia.

Simeon na Ephantus walikuwa wakingoja barazani. Shivachi akatoka, akawaambia ukweli wote, sina budi kukubali. Akasema kwa kipimo chake mama hajafaulu, hatembei salama. Kisha akasema kuna jambo ambalo halimo kwenye kipimo: akiwa na mzigo mgongoni, anatembea.

Simeon akatazama chini. "Mama yangu si punda," akasema.

Basi. Ephantus akakohoa, akasema neno ni neno. Wangoi akasema, "Nilikubali." Muia alisukuma mkokoteni njia nzima ya kurudi nyumbani bila mtu wa kumwelekeza. Alikosea kona mara mbili.

Jumamosi Simeon akaja na pikapu na dereva. Mvua ilikuwa imenyesha, gari halikuweza kuingia kwenye kichochoro chetu, likabaki stejini. Vitu vikatangulia: kitanda, sufuria, picha ya marehemu mumewe. Wapangaji wote tulisimama kwenye milango yetu. Nilikuwa nimekasirika na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nikamkasirikia Muia aliyekuwa karibu.

"Nishike mkono, mama," Simeon akasema.

"Kuna viazi vyangu vimebaki," Wangoi akasema. Akaingia ndani, akatoka na kiondo mgongoni, mukwa kwenye mfereji wa paji lake. Simeon alifungua mdomo, akaona sisi sote tunamtazama, akaufunga. Wakatoka. Nikawafuata, Muia nyuma yangu, kwa sababu hakuna sheria inayomzuia mtu kwenda stejini.

Kwenye kichochoro alitembea vizuri, akipita madimbwi moja moja. Simeon alikuwa nyuma yake, mikono imekunjuliwa tayari kumdaka, na nikaona anashangaa mbona hakuna cha kudaka. Tangu augue hakuwahi kumwona hivyo, maana alimwona Jumapili tu. Ila tulipotokea stejini, palikuwa pamejaa watu wa soko, watu wa Kawangware wote waliomjua Simeon tangu akiwa bila viatu. Sasa ana koti, ana pikapu, na mama yake mgonjwa anatembea mbele yake na mzigo. Mwanamke mmoja muuza sukuma wiki akasema kwa sauti, "Huyo si Simeon? Anamwachia mama yake abebe?"

Nilimwona amejikunja kwa aibu. Akapiga hatua mbili, akaushika mzigo kwa nyuma, kwa upole, kama mtoto yeyote mwema angefanya, akauinua ukamtoka mama yake kichwani.

"Acha," nikasema. Nilichelewa.

Wangoi alikwenda mbele, kichwa kwanza. Hapakuwa na Shivachi wa kumdaka. Alianguka kwenye kokoto za steji, magoti na kiganja na kidevu, mbele ya watu wote. Simeon akabaki amesimama na kiondo mikononi. Alikitazama kiondo, akamtazama mama yake, akakitazama kiondo tena. Uso wake siwezi kuusimulia. Mimi nilikuwa nimemchukia kwa miezi, na hapo nikatamani mtu aje amshike.

Akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya Limuru. "Mama. Mama, nimekufanya nini?"

Wangoi akajiinua kwa kiwiko. Kidevu kilikuwa kinatoka damu. "Rudisha," akasema.

Mwanamume wa Kikuyu hashiki mukwa, ni kitu cha wanawake. Simeon aliushika. Akauweka juu mno, karibu na nywele.

"Chini kidogo," mama yake akasema. "Chini. Hapo."

Akainuka akijishika kwenye bega la mwanawe. Akasimama. Dereva wa pikapu akapiga honi, na hakuna aliyegeuka. Wangoi akamtazama Simeon, hakumwuliza, akangoja. Neno lilikuwa la wawili, na alikuwa amelishika upande wake.

"Nitamweleza Mzee Ephantus mimi," Simeon akasema. "Twende nyumbani."

Mama akageuka akarudi alikotoka, na mwanawe nyuma yake, mikono ameiweka mifukoni. Mimi na Muia tukaenda kushusha kitanda.

Niliporudi na sufuria kichwani, nilimkuta Wangoi amesimama kwenye bomba, kiondo mgongoni, damu imemkaukia kidevuni. Simeon alikuwa ameketi kwenye ndoo yangu, amejishika kichwa. Wangoi alikuwa anatazama chini kwenye saruji.

"Filister Adero," akasema. "Magamba haya ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama Simeon."

"Fagia."

Nikachukua ufagio nikafagia. Nililia nikifagia, nikamwambia ni moshi, na hapakuwa na moto popote.